Uzao wa John Milton

Jina la John Milton, mtunga mashairi wa Kiingereza, limeenea mahali pengi; lakini habari za nyumba yake hazijulikani sana. Nasi twapenda kuzieleza, tukiufuata ukoo wake tangu babu hata vitukuu.

Babu yake, Richard Milton, alikaa Stanton St John, karibu na mji wa Oxford, naye alishika sana dini ya Kirumi. Yasemekana kwamba siku moja alimkuta mwanawe chumbani na Biblia ya Kiingereza, akamfukuza na kumnyima urithi. Kijana yule akaenda London, akawa mwandishi wa hati za mikataba, akafanikiwa, akakaa katika njia iitwayo Bread Street. Ndiko alikozaliwa John, tarehe 9 Desemba 1608. Baba huyu hakumtenda mwanawe kama alivyotendwa yeye. Alimwekea walimu, akamwacha asome hata usiku wa manane.

Katika mwaka wa 1652 Milton alikuwa kipofu kabisa, na mwaka ule ule mkewe akafa. Wakasalia binti watatu: Anne aliyekuwa kiwete, Mary, na Deborah, mtoto mchanga. Walipokua, Mary na Deborah walitakiwa kumsomea baba yao vitabu vya Kilatini na Kiyunani, lugha wasizozifahamu, saa nyingi kila siku. Hapo hatuwezi kumsifu. Alipokufa mwaka 1674 alikuwa amenena kwa kinywa tu kwamba mali yote ni ya mke wake wa tatu, na binti wapewe deni la mali ya arusi ambayo babu yao mzaa mama aliiahidi asiilipe. Yaani, aliwaachia deni! Binti wakashtaki, baraza halikukubali wasia ule, nao wakapata pauni 100 kila mmoja. Kitabu chake kikuu, Paradise Lost, kilichotoka mwaka 1667, kilimpatia Milton pauni 10 tu, na mjane wake pauni 8 baadaye.

Anne alikufa katika kuzaa, Mary hakuolewa. Deborah aliolewa na Abraham Clarke, mfumaji, akakaa Spitalfields kati ya wafumaji wa London, akazaa watoto kumi. Hata katika uzee wake aliweza kutamka kwa moyo mistari ya Homer ambayo hakuielewa tangu ujana. Alikufa mwaka 1727.

Mwanawe Caleb alivuka bahari kwenda Madras katika Bara Hindi, akazaa huko, na habari za uzao wake zikakatika. Elizabeth, binti wa Deborah, aliolewa na mfumaji Thomas Foster, akazaa watoto saba, wote wakafa. Alikuwa na duka dogo la vyakula karibu na kanisa la Shoreditch. Tarehe 5 Aprili 1750 ulichezwa London mchezo wa Milton uitwao Comus ili kumsaidia, zikapatikana pauni 130 hivi. Akahamia Islington pamoja na mumewe, akafa huko mwaka 1754, na katika Uingereza hakusalia tena mtu wa uzao wa Milton.