Sheikh Muhammad Abduh: Mwanafunzi Aliyeikimbia Ilimu

Wasomaji wetu wamezoea kuwa katika kurasa hizi twawaletea khabari za watu walioitumikia Dini yao na watu wao. Si kwa kutaka kuwatukuza waliokufa, bali kwa kutaka walio hai wazinduke. Mara hii twamtaja Sheikh Muhammad Abduh wa Misri. Wengi wamjua kuwa alikuwa Mufti na alimu mkubwa. Wachache wajua kuwa katika ujana wake aliikimbia ilimu zaidi ya mara moja, na ilibaki kidogo tu awe mkulima ambaye jina lake lisingalivuka kijiji chake. Khabari hiyo ndiyo tuitakayo leo, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi na watoto wetu.

Alizaliwa mwaka 1849, akakulia Mahallat Nasr, kijiji cha wakulima katika nchi ya chini ya Misri. Baba yake alikuwa mkulima, lakini alitamani mwanawe asome. Mtoto akafundishwa kusoma na kuandika nyumbani, kisha akahifadhi Kurani yote. Mwaka 1862 alipelekwa mji wa Tanta, katika msikiti wa Ahmadi, mahali pa ilimu palipokuwa na sifa kubwa Misri baada ya Al-Azhar.

Huko ndiko yalikomfika. Alipoanza nahau, walimu walimsomesha sherehe ya Ajurrumiyya, kitabu ambacho wanavyuoni wetu wa pwani wakijua sana. Walikuwa wakitaja istilahi za nahau na za fiqhi bila ya kuzieleza, kana kwamba mwanafunzi amezaliwa nazo. Kijana alikaa mwaka mmoja na nusu asifahamu kitu. Akakata tamaa, akatoroka, akajificha kwa wajomba zake miezi mitatu, mpaka kaka yake alipomvumbua na kumrudisha kwa nguvu. Hakukaa. Alifunga vitu vyake akarudi kijijini, akaazimia kulima kama jamaa zake. Mwaka 1865 akaoa, na umri wake ni miaka 16.

Hapa twamwomba msomaji asite kidogo. Kijana huyu hakuwa mjinga, kwani aliyehifadhi Kurani utotoni hawezi kuitwa mzito wa akili. Wala hakukosa skuli, mwalimu wala kitabu. Alikosa kufahamishwa tu. Naye alipokuwa mtu mzima aliandika kuwa wanafunzi wengi hupatwa na hayo yaliyompata yeye, ila wao hawakimbii: hubaki wakajidhania wamefahamu, kisha wakawa walimu, wakawarithisha wengine kutofahamu kwao.

Siku arubaini baada ya arusi baba yake alimwamuru arudi Tanta. Njiani alitoroka tena, akenda kwa jamaa za baba yake katika kijiji jirani. Huko alikuwako mjomba wa baba yake, Sheikh Darwish, mtu mwema aliyekuwa amesafiri mpaka Tarablusi ya Magharibi na kufuata tarika ya Shadhili. Mzee huyu hakumkemea wala hakumpiga. Alimpa kitabu amsomee, akisingizia kuwa macho yake hayaoni vyema. Kijana alikitupa. Mzee akamrudia kwa upole, na kila yalipopita maneno machache alimfafanulia maana yake kwa lugha nyepesi. Hazikupita siku nyingi kijana akawa yeye ndiye ashikaye kitabu kwa hamu, na michezo ya wenziwe ikawa haina ladha tena. Alirudi Tanta mwaka huo huo, na sasa akawa akifahamu darasa, hata wenziwe wakawa wakimzunguka awaeleze. Basi kilichobadilika ni nini? Akili ya kijana ni ile ile, na vitabu ni vile vile. Alichopata ni mtu mmoja aliyejua kufundisha.

Mwaka 1866 aliingia Al-Azhar, na baadaye akasoma kwa Sayyid Jamaluddin Al-Afghani, aliyemfungulia hikima na mambo ya ulimwengu. Alipata shahada ya ualimu mwaka 1877, akasomesha Al-Azhar na Dar al-Ulum. Baada ya fitina ya Arabi Pasha na Waingereza kuingia Misri mwaka 1882, alifukuzwa nchini. Alikaa Beirut, akenda Paris mwaka 1884 kutoa gazeti pamoja na mwalimu wake, kisha akarudi Beirut kusomesha. Aliporuhusiwa kurudi kwao mwaka 1888 alikuwa ameshakata shauri: siasa bila ya watu waliosoma ni nyumba isiyo na msingi. Akafanywa kadhi, na umri wake umeshapita miaka arubaini akajifunza Kifaransa, asione haya kukaa tena mahali pa mwanafunzi.

Misri ya siku hizo, chini ya utawala wa Lord Cromer, serikali haikutoa ila fedha chache kwa ajili ya mafundisho, na skuli zake zilitoza ada ambazo maskini hakuziweza. Sheikh alililaumu jambo hilo waziwazi. Lakini hakutosheka na kulaumu. Mwaka 1892 yeye na wenziwe waliunda Jumuiya ya Kheri ya Kiislamu, na matajiri wakachangishwa ili watoto wa maskini wafunguliwe skuli. Kutoka mwaka 1900 alikuwa yeye raisi wake. Kadhalika alishikilia kuwa wanawake nao wana haki ya kusomeshwa, kwani mama asiyejua hawezi kuwalea wajuao.

Mwaka 1895 alitiwa katika baraza la kuendesha Al-Azhar. Alianza na mambo ambayo mtu mwenye haraka angaliyaona madogo: makao ya wanafunzi, maji yao, mganga wa kuwatazama, mishahara ya walimu, na vitabu vilivyokuwa vimetawanyika, vingine vimeliwa na wadudu, vikakusanywa katika maktaba moja. Kisha akataka hisabu, historia na jiografia zisomeshwe pamoja na ilimu za Dini. Mwaka 1899 akawa Mufti wa Misri, naye hakuacha kukaa jioni akifasiri Kurani kwa maneno ambayo watu wote waliweza kuyafahamu.

Hatusemi kuwa alifaulu kwa yote. Masheikh wengi walimpinga, Khedive akamgeukia, na wako waliomtuhumu kuwa amekaribiana mno na Waingereza. Mwaka 1905 alijiuzulu katika baraza la Al-Azhar, na tarehe 11 Julai ya mwaka huo akafariki Iskandaria. Miaka mitatu baada yake, Chuo Kikuu cha Misri, ambacho alikitamani, kikafunguliwa.

Mwangaza wake ulitufikia hata sisi. Gazeti la Al-Manar, alilolianzisha mwanafunzi wake Sayyid Rashid Rida mwaka 1898, lilisomwa Mombasa na Unguja. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa walioathirika nalo.

Basi tuna nini la kujifunza? Mlango wa ilimu una makomeo mawili. La nje ni ufukara: ada, chakula, nguo na masafa. La ndani ni mafundisho yasiyofahamika. Hapa Kenya ada za skuli za msingi za serikali ziliondolewa mwaka 2003, na watoto wengi mno wakaingia madarasani. Hiyo ni neema ya kushukuriwa. Lakini mtoto aliyeketi mbele ya mwalimu miaka minane akatoka hafahamu asomacho, huyo ameingia uani tu, nyumba hajaiona. Na chuoni mambo ni hayo hayo: twajifakhari kwa idadi ya watoto, na ni wachache kati yetu waulizao wamefahamu nini.

Kwa hivyo, ewe ndugu, mwanao akitoroka chuoni au skuli, kabla hujashika bakora muulize ni nini asichokifahamu. Nawe mwalimu, mwanafunzi wako akiwa mzito, jitazame nafsi yako kwanza. Nanyi mliojaaliwa mali, musijenge kuta mkamsahau atakayesomesha ndani yake. Huenda huyo tumwitaye mvivu leo ndiye ambaye umma wamngojea, naye hakukosa ila Sheikh Darwish wake.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Muhammad Abduh na walimu wake, na atujaalie sisi ni wenye kujifunza na kufahamisha. Amin.