Carlos Finlay, munganga wa Cuba aliyemshitaki mbu miaka karibu 20 kabla ya kusikilizwa

Mbu mweusi mwenye alama nyeupe kwenye miguu, anayeuma mchana na kutaga mayai ndani ya vyombo vya maji nyumbani, ndiye anayeeneza homa ya dengi, chikungunya na homa ya manjano. Munganga Carlos Finlay alimtaja mbu huyo mbele ya wanasayansi mjini Havana tangu mwaka 1881. Wengi walimcheka.

Finlay alizaliwa tarehe 3 Desemba 1833 mjini Camagüey, Cuba, wakati kisiwa hicho kilikuwa koloni la Uhispania. Baba yake, Mskoti, alikuwa pia munganga. Akiwa kijana alipatwa na ugonjwa uliomwachia kigugumizi maisha yake yote. Mwaka 1855 alimaliza masomo ya uganga mjini Philadelphia, Marekani, kisha akarudi kutibu wagonjwa Havana.

Homa ya manjano iliua watu huko kila mwaka, hasa wageni na askari. Waganga wengi waliamini kwamba inatoka kwenye uchafu, nguo na matandiko ya wagonjwa. Tarehe 14 Agosti 1881, Finlay aliambia Akademia ya Sayansi ya Havana kwamba mbu ndiye anayebeba ugonjwa kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mtu mzima wa afya.

Alijaribu mbu wake kwa watu zaidi ya 100 waliokubali, lakini matokeo hayakuwa wazi. Sababu ilijulikana baadaye: mbu anachukua ugonjwa akimuma mgonjwa katika siku za kwanza za homa, halafu zinapita karibu wiki mbili kabla hajaweza kuambukiza mtu mwingine.

Kutosikilizwa huko kulikuwa na bei kubwa. Mwaka ule ule wa 1881, Wafaransa walianza kuchimba mfereji wa Panama. Katika hospitali zao, miguu ya vitanda iliwekwa ndani ya vibakuli vya maji ili kuzuia sisimizi, na mbu wakazaliana humo humo, chini ya wagonjwa. Inakadiriwa kwamba wafanyakazi zaidi ya 20,000 walikufa, wengi kwa homa ya manjano na malaria.

Mwaka 1900, jeshi la Marekani, lililotawala Cuba wakati huo, lilituma Havana kundi la waganga wakiongozwa na Walter Reed. Finlay aliwapa mayai ya mbu wake. Mmoja wao, Jesse Lazear, alikufa kwa homa ya manjano mwezi wa Septemba. Kabla ya mwaka kwisha, majaribio yao yalionyesha kwamba Finlay alikuwa amesema kweli.

Mwaka 1901, munganga William Gorgas alituma watumishi wa afya nyumba kwa nyumba. Mapipa ya maji yalifunikwa, mafuta ya taa yakamwagwa juu ya maji yaliyotuama, na mwenye nyumba aliyekutwa na viluwiluwi vya mbu alitozwa faini. Mwaka huo huo homa ya manjano ilitoweka Havana. Njia hiyo ilitumiwa pia Panama, na mfereji ukafunguliwa mwaka 1914.

Finlay aliongoza idara ya afya ya Cuba kuanzia mwaka 1902. Alipendekezwa mara kadhaa kwa tuzo ya Nobel bila kuipata. Alifariki Havana tarehe 20 Agosti 1915.

Homa ya manjano ina chanjo, ile iliyotolewa kwa mamilioni ya Wakongomani mwaka 2016 ugonjwa ulipoingia kutoka Angola. Dengi haina dawa maalum ya kuiponya, na chandarua cha usiku hakimzuii mbu wa mchana. Inabaki kazi ile ile ya Havana: kufunika mapipa na bidoni, kuondoa makopo na matairi yanayoshika maji ya mvua. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai hushikamana na ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu miezi mingi, kwa hiyo chombo kisuguliwe ndani kila wiki.