Florence Nightingale: Muuguzi aliyejua kuwa hata mwanafunzi wa uuguzi huumia

Hebu tuseme ukweli. Umetoka zamu ya usiku wodini hapa Voi. Saa mbili asubuhi jua limeshaanza kuchoma, miguu imevimba, na yule mgonjwa uliyemhudumia wiki nzima amefariki alfajiri. Saa nne una mtihani. Kwenu Wundanyi, Mwatate au Taveta washaanza kukuita daktari, na karo bado haijaisha. Unakaa kitandani bwenini unajiuliza: kwani nani alinituma nisomee uuguzi?

Kama umewahi kujiuliza hivyo, soma hii stori hadi mwisho.

Jina la Florence Nightingale unalijua. Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei, ni siku yake ya kuzaliwa. Kile kiapo ambacho wauguzi hukariri kina jina lake, ingawa si yeye aliyekiandika. Kiliandikwa Marekani mwaka wa 1893. Picha yake ni ileile kila mahali: mwanamke ameshika taa, anapita katikati ya vitanda vya wanajeshi. Leo iweke taa kando kidogo, umtazame binti mwenyewe.

Alizaliwa mwaka wa 1820 katika mji wa Florence, Italia, na ndiyo maana akapewa jina hilo. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali. Angeweza kuolewa vizuri, akae kwenye jumba kubwa, anywe chai na kupokea wageni hadi uzee. Yeye akasema anataka kuuguza wagonjwa. Nyumbani kukawaka moto! Wakati huo kazi ya uuguzi ilidharauliwa, ikaonekana ni ya watu wasio na pa kwenda. Mama akakataa, dada akalia hadi kuugua. Kwa miaka mingi Florence alizuiliwa, na mchumba aliyependwa na wengi akamkataa kwa sababu aliona ndoa hiyo ingeizika ndoto yake.

Sasa sikia jambo ambalo hawakuambii siku ya sherehe. Shajara zake za miaka hiyo zinaonyesha binti aliyechoka kuishi. Alipotimiza miaka 30 alikuwa amekata tamaa kabisa. Huyu ndiye unayemwona ukutani akiwa na uso mtulivu.

Mwaka wa 1851 hatimaye alienda Kaiserswerth, Ujerumani, akapata mafunzo ya miezi michache. Mwaka wa 1853 akapewa kusimamia hospitali ndogo ya wanawake jijini London. Mwaka uliofuata vita vya Crimea vikapamba moto, na serikali ikamtuma Scutari, Uturuki, pamoja na wanawake 38.

Walikuta panya, uchafu na mabomba ya maji taka yaliyoziba chini ya jengo. Wanajeshi walikufa kwa kipindupindu, kuhara na homa ya matumbo kuliko walivyokufa kwa risasi. Vifo vilipungua sana baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855 na kusafisha mabomba hayo. Baadaye Florence alikaa na takwimu, akachora michoro iliyoonyesha wazi kwamba uchafu ndio uliokuwa muuaji mkubwa.

Usidhani hayo ni mambo ya mbali. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia mstari wa mbele ulikuwa hapa Taita Taveta, na makaburi ya wanajeshi yako Voi, Maktau na Taveta hadi leo. Katika vita hivyo vya Afrika Mashariki pia, maradhi yaliua kuliko risasi, na waliokufa kwa wingi zaidi ni wapagazi Waafrika. Unaponawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, unapigana vita hivyohivyo.

Florence alirudi Uingereza mwaka wa 1856 akiwa shujaa, lakini mwili ulikuwa umeharibika. Aliugua vibaya huko vitani, na kuanzia mwaka wa 1857 alitumia miaka mingi chumbani, mara nyingi kitandani, huku akiandika barua na ripoti bila kukoma. Mwaka wa 1860, kwa pesa ambazo wananchi walikuwa wamechanga kumshukuru, shule yake ya wauguzi ikafunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London. Darasa la kwanza halikufika hata watu 20.

Kwa miaka kama 12 hivi aliiachia shule wasimamizi. Kila mwezi mwanafunzi alijaziwa ripoti: tabia, usafi, kufunga bandeji, kumhudumia mgonjwa. Kwenye karatasi mambo yalionekana shwari. Alipochungulia kwa karibu mwanzoni mwa miaka ya 1870, akagundua mafunzo yalikuwa na mashimo makubwa. Wanafunzi walifanyishwa kazi nyingi na kufundishwa kidogo.

Angeweza kuwalaumu wanafunzi kwamba ni wavivu. Hakufanya hivyo. Alihimiza mafunzo yarekebishwe, na bweni likawekewa mlezi wa kuwasaidia wanafunzi masomoni na kuwaangalia kama watu. Mary Crossland alifanya kazi hiyo kwa miaka takriban 20.

Halafu Florence mwenyewe akaanza kuwaita wanafunzi nyumbani kwake, mmoja mmoja. Chai mezani, maswali ya taratibu. Kazi inaendaje? Unajifunza nini? Baada ya mgeni kuondoka, aliandika kumbukumbu kuhusu kila mmoja ili asimsahau. Waliochoka aliwaandalia mapumziko, waliougua aliwatumia chakula. Aliyepelekwa kuwa matroni katika hospitali mpya aliweza kukuta maua ya Florence yakimngoja.

Na kati ya mwaka wa 1872 na 1900, mara kwa mara aliwaandikia barua ndefu iliyosomwa mbele yao wote. Humo aliwakumbusha kwa nini waliichagua kazi hii. Aliwaambia kwamba muuguzi asiyesonga mbele anarudi nyuma, na kwamba hata yeye bado anajifunza.

Leo tungeuita ushauri nasaha. Yeye hakuwa na jina la kitaalamu, ila alikuwa na kitu muhimu kuliko jina: alikumbuka jinsi kukata tamaa kunavyouma.

Je, alikuwa malaika? La hasha. Alikuwa mkali, na baadhi ya kumbukumbu zake kuhusu wanafunzi zina maneno ya kuchoma. Alimsukuma rafiki yake Sidney Herbert aendelee na kazi ya kurekebisha jeshi hata alipokuwa mgonjwa sana, na mwaka wa 1861 rafiki huyo akafariki. Mwili wake mwenyewe aliuchosha bila huruma. Hapo usimuige.

Alifariki mwaka wa 1910 akiwa na miaka 90. Lakini somo lake bado lina uhai, na lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa wanaokufundisha. Maneno ya kutia moyo pekee hayatoshi. Florence hakuandika barua tu, alipigania pia mafunzo bora, chakula na mapumziko. Mwanafunzi mwenye njaa, ambaye hajalala siku mbili, hahitaji hotuba. Anahitaji chakula na usingizi, kisha mtu wa kumsikiliza.

Upande wa pili ni wako. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ndiye unayewaambia wagonjwa wasingoje hali iwe mbaya ndipo waje hospitali, si ndiyo? Basi na wewe usingoje. Chuoni ukimpata mshauri nasaha au mwalimu unayemwamini, mwendee kabla hujaandika barua ya kuacha kozi. Mweleze usingizi, karo, yule mgonjwa aliyefariki alfajiri. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kufa, mwambie mtu leo hii, usiku huuhuu kama ni usiku.

Kuomba msaada hakukufanyi muuguzi dhaifu. Aliyeijengea kazi hii heshima alifika mahali pa giza kuliko hapo ulipo, na bado akaja kuwasha taa. Kapumzike kidogo, dada. Kapumzike, kaka. Ukiamka, kamtafute mtu uzungumze naye.