Mary Mallon: Mpishi aliyebeba maradhi bila kuugua

MARY Mallon alikuwa mpishi stadi ambaye matajiri wa New York, Marekani, hawakusita kumwajiri. Hata hivyo, katika nyumba kadhaa alizohudumia, homa ya matumbo ilizuka muda mfupi baada yake kuwasili.

Alizaliwa mwaka wa 1869 mjini Cookstown, kaskazini mwa Ireland, na kuhamia Marekani akiwa bado kijana.

Mnamo 1906, alipika katika nyumba ambayo mwenye benki Charles Henry Warren alikuwa amekodi huko Oyster Bay. Kati ya watu 11 waliokuwemo, sita waliugua. Mhandisi wa afya, George Soper, aliletwa kutafuta chanzo. Alipokosa kasoro katika maji na vyakula vilivyoshukiwa, alimgeukia mpishi ambaye tayari alikuwa ameondoka.

Kulikuwa na kitendawili. Moto huua viini, sasa chakula kilichopikwa kingeambukizaje? Soper alishuku aiskrimu iliyotiwa vipande vya matunda mabichi. Mallon aliiandaa kwa mikono yake na haikupitia motoni.

Mnamo 1907 maafisa wa afya, wakisaidiwa na polisi, walimkamata. Vipimo vya choo chake vilionyesha bakteria za homa hiyo, ingawa mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Akawa mtu wa kwanza nchini humo kutambuliwa kuwa anabeba viini hivyo bila kuugua. Bila kufikishwa kortini, alitengwa katika kisiwa cha North Brother. Mwaka wa 1909 alienda mahakamani kudai uhuru wake lakini akashindwa.

Aliachiliwa 1910 baada ya kuahidi kwamba hangepika tena. Alijaribu kazi ya kufua nguo, lakini ujira wake ulikuwa duni ukilinganishwa na wa jikoni. Kwa kuwa hakuwahi kujihisi mgonjwa, hakuamini kwamba alikuwa hatari kwa wenzake. Akabadilisha jina na kurejea kwenye sufuria.

Mnamo 1915, homa ilizuka katika hospitali moja ya wanawake jijini humo. Watu 25 waliambukizwa na wawili wakafa. Mpishi alikuwa Mallon. Alirudishwa kisiwani, na huko ndiko alikofariki Novemba 11, 1938, akiwa na umri wa miaka 69. Kwa jumla alizuiliwa takriban miaka 26, ilhali watu wengine wengi waliobeba viini hivyo waliachwa huru.

Iwapo alitendewa haki ni suala ambalo lingali linajadiliwa. Lisilo na mjadala ni funzo la maisha yake: afya ya mpishi haionekani kwa macho, na mikono isiyooshwa kwa sabuni baada ya kutoka msalani inaweza kugeuza mlo mtamu kuwa msiba.