Purtscheller: Mwalimu wa Mazoezi Aliyechonga Ngazi ya Barafu Kilimanjaro

Sisi wa Lorugum theluji tunaiona kwa simu tu. Lakini yule Teleki wa Hungary, aliyefika kwenye ziwa letu la Turkana mwaka wa 1888, alikuwa amejaribu Kilimanjaro mwaka mmoja kabla. Aliishia kwenye theluji. Jamaa aliyeipatia dawa hatajwi sana: Ludwig Purtscheller.

Alizaliwa Innsbruck, Austria, tarehe 6 Oktoba 1849. Alifundisha mazoezi ya viungo shuleni Salzburg, na shule zikifungwa, huyo, milimani Alps. Mara nyingi alipanda bila mwelekezi wa kulipwa. Vilele alivyofikia maishani vilipita 1,700.

Mwaka wa 1889 Hans Meyer wa Leipzig, ambaye Kilimanjaro ilikuwa imeshamshinda, akaenda naye. Wabebaji wengi walibaki chini. Mwini Amani wa Pangani ndiye aliyekaa kwenye kambi ya juu akiwalindia vitu.

Tarehe 3 Oktoba wakatoka usiku. Mbele yao mteremko mkali wa barafu tupu. Wakajifunga kamba moja, Purtscheller akatangulia na shoka. Kipandio kimoja kilitaka mapigo kama 20. Hakuna mbio hapo: unachonga, unakanyaga, unapumua, unachonga tena. Saa nane mchana wakafika ukingo wa kreta, kumbe kilele chenyewe kiko mbali upande mwingine. Wakageuka. Wengi wetu tungelazimisha, na giza litukute huko juu.

Wakapumzika, wakalala karibu zaidi na barafu, wakarudi tarehe 6. Vile vipandio vilikuwa bado vipo! Saa nne na nusu asubuhi walikuwa kileleni, mita 5,895, pale tunapopaita Uhuru leo. Siku hiyo hiyo Purtscheller alitimiza miaka 40.

Siku hizi watu hupanda theluji hata kwa skii, na anayeanza huambiwa mambo yale yale: usiukabili mteremko wima, pinda kushoto na kulia, hatua fupi, mguu mmoja ushike kabla hujainua wa pili. Na ujue saa ya kurudi.

Mwaka wa 1899 aliumia vibaya Alps. Hakupona sawasawa, akafa Bern, Uswisi, Machi 1900. Ukiona kilele cha Purtscheller pale Mawenzi, ndiye huyo mwalimu.