Edwin Link: Aliyewafunza Marubani Kuruka Bila ya Kuondoka Ardhini

Siku hizi wako watu wengi wanaofanya safari ndefu za ndege bila ya kutoka majumbani mwao. Mtu huketi mbele ya kompyuta, akashika usukani mdogo, akajichagulia safari yenye maana kwake. Mmoja huifuata njia ya Ibn Battuta kutoka Tangier hadi Makka, kisha akashuka na pwani yetu hii mpaka Mombasa na Kilwa. Mwengine huziandama njia walizopita marubani wa kwanza wa barua. Safari hukatwa vipande vipande, kila jioni kituo kimoja au viwili, na huweza kuchukua miezi kabla ya kutimia.

Mtambo unaoiga urukaji huo huitwa simuleta. Wanaouona kuwa ni mchezo hawakukosea, kwani hata aliyeubuni aliuuza kwanza katika viwanja vya michezo. Lakini wakubwa wa majeshi hawakuujali mpaka vijana wengi walipopoteza maisha. Mtu huyo ni marehemu Edwin Albert Link wa Marekani, na maisha yake yanastahili kujulikana na kila apendaye safari, ya angani au ya baharini.

Link alizaliwa tarehe 26 Julai, 1904, katika mji wa Huntington, jimbo la Indiana. Mwaka wa 1910 jamaa yake ilihamia Binghamton, katika jimbo la New York, ambako baba yake alinunua kiwanda cha vinanda kilichokuwa kimefilisika. Humo vilitengenezwa vinanda vya kujipiga vyenyewe na vile vikubwa vya majumba ya sinema. Msomaji aliyewahi kukiona kinanda cha taarabu kikivutwa mivukuto kwa mkono atafahamu mara moja kazi ya kiwanda hicho: kuufanya upepo utii. Kijana Link aliijua kazi hiyo barabara, na ndiyo iliyomfaa baadaye.

Mwaka wa 1920, akiwa na umri wa miaka 16, alilipa dola 50 ili afunzwe kurusha ndege huko California. Mwalimu wake alikuwa Sydney Chaplin, ndugu wa Charlie Chaplin, mchekeshaji maarufu wa sinema. Alipandishwa, akazungushwa angani, akateremshwa bila ya kuruhusiwa kuugusa usukani. Hakukata tamaa, akaendelea kujifunza. Lakini swali moja halikumtoka moyoni: kwa nini mwanafunzi atumie fedha nyingi na kuihatarisha roho yake angani, ilhali yako mambo anayoweza kufunzwa akiwa chini?

Jawabu alilipata ndani ya kiwanda cha baba yake. Kuanzia mwaka wa 1927, katika chumba cha chini cha kiwanda hicho, alijenga kijindege cha mbao chenye mabawa mafupi, akakiweka juu ya mivukuto ya vinanda. Mwanafunzi aliposukuma usukani, upepo ulijaa katika mvukuto mmoja na kutoka katika mwengine, na kijindege kikainama, kikainuka au kikageuka kama ndege ya kweli. Kilikamilika mwaka wa 1929.

Link alikitumia katika shule yake mwenyewe ya urubani, lakini wanunuzi walikuwa wachache. Waliokitaka zaidi walikuwa wenye viwanja vya michezo, ambako watu walitia sarafu wakapata kujifurahisha. Mwaka wa 1931 alimuoa Marion Clayton, mwandishi wa magazeti, naye akawa mshirika wake katika biashara ile ngumu na katika safari zote zilizofuata.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1934. Mwezi wa Februari, Rais Roosevelt alizivunja kandarasi za makampuni yaliyokuwa yakisafirisha barua kwa ndege, kazi ikatiwa mikononi mwa jeshi. Ilikuwa majira ya baridi kali. Marubani wengi wa jeshi walizoea kuruka mchana, wakiiona ardhi. Sasa walitakiwa kuruka usiku, ndani ya mawingu na theluji. Rubani aliyemo ndani ya wingu hudanganywa na mwili wake mwenyewe: huhisi kuwa ndege imenyooka, kumbe inapinda na kushuka. Hana budi kuviamini vipimo vilivyo mbele yake na kuyakataa yale anayoyahisi, na jambo hilo halifunzwi kwa siku moja. Katika muda wa wiki chache marubani zaidi ya 10 walikufa.

Hapo ndipo maofisa wa jeshi walipokumbuka kijindege cha Link, wakapanga kukutana naye katika uwanja wa Newark. Siku ya miadi ukungu ulitanda, maofisa wakakata shauri kuondoka, maana hakuna waliyemtaraji kuruka katika hali ile. Mara wakasikia mlio wa ndege. Link alitokea ndani ya ukungu akatua salama, akiongozwa na vipimo peke yake. Hapakuhitajika maneno mengi. Mwezi wa Juni jeshi liliagiza mitambo sita, kila mmoja kwa dola 3,500.

Mtambo huo sasa ulikuwa na kifuniko kilichomfungia mwanafunzi gizani, asione ila vipimo vyake. Mwalimu aliketi kando kwenye meza yenye ramani, akizungumza naye kama kwa redio. Juu ya ramani hiyo kilitembea kijigari cha magurudumu matatu, ambacho wenyewe walikiita kaa, kikichora kwa wino njia yote ambayo mwanafunzi anaipita. Mwanafunzi alipofunguliwa aliweza kuona mahali alipopotea. Mtu aliweza kufanya safari nzima kutoka mji hadi mji, akakosea, akaanguka mlimani, kisha akainuka kitini akaenda kunywa chai.

Katika Vita vya Pili vya Dunia mitambo hiyo, iliyoitwa sanduku la buluu kwa rangi yake, ilitengenezwa kiasi cha 10,000, na wanaanga wapatao nusu milioni walifunzwa kwayo. Waingereza nao walikuwa na haja nyengine: marubani waliovusha ndege katika bahari ya Atlantiki usiku walihitaji kujua kusafiri kwa nyota, elimu ambayo manahodha wa mwambao wetu na wa Bara Arabu waliitegemea kwa karne nyingi. Kwa msaada wa Philip Weems, bingwa wa elimu hiyo, Link alijenga jengo lenye urefu wa mita kama 14. Juu yake paliwekwa mbingu ya bandia, yenye nyota zilizosogea kwa kadiri ya saa na mahali. Wanaanga waliketi chini ya nyota hizo usiku kucha, wakapima na kukokotoa, wakaivuka bahari bila ya kuondoka chumbani.

Mwaka wa 1954 Link aliiuza kampuni yake akaelekea baharini. Mwaka wa 1959 yeye na Marion walichimbua mabaki ya Port Royal, mji wa Jamaica uliozama kwa tetemeko la ardhi mwaka wa 1692. Kisha akaunda vyombo vya kuwawezesha wazamiaji kukaa kilindini kwa muda mrefu. Mwaka wa 1962, akiwa na umri wa miaka 58, alijaribu chombo kimoja yeye mwenyewe kabla ya kumruhusu mwengine kukiingia.

Lakini maji usiyoyafika hujui kina chake. Tarehe 17 Juni, 1973, nyambizi ndogo aliyoibuni, Johnson Sea Link, ilinaswa katika nyaya za mabaki ya manowari karibu na Key West, Florida. Ndani yake walikuwamo watu wanne. Ilipita zaidi ya siku nzima kabla ya kunasuliwa. Wawili waliokuwa chumba cha nyuma walikufa kwa baridi na hewa chafu, na mmoja wao alikuwa Clayton, mwana wa Link, mwenye umri wa miaka 31. Mtu aliyewapa marubani mahali pa kukosea bila ya kufa hakuwa amepata kumjengea mwanawe mahali kama hapo chini ya bahari.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee Link alirudi kazini, akatengeneza chombo kisicho na mtu ndani yake, chenye kamera na mikono ya kukata nyaya, ili nyambizi nyengine ikinaswa ipate kufikiwa mapema. Alifariki huko Binghamton tarehe 7 Septemba, 1981.

Mwaka uliofuata, kampuni ya Microsoft ilianza kuuza programu yake ya kurusha ndege kwa kompyuta za nyumbani, na ndipo safari tulizozitaja mwanzo zilipoanza kuenea duniani. Leo anayeifuata njia ya Ibn Battuta akiwa sebuleni, akaingia katika wingu karibu na Mogadishu, akaamini hisia zake badala ya vipimo na kuanguka baharini, hubonyeza kitufe akaanza tena. Marubani wa mwaka wa 1934 hawakuwa na nafasi hiyo ya pili.