George Stibitz: aliyeituma kompyuta akiwa mbali

Mkulima wa Masasi au Newala anapobonyeza simu kuangalia salio, hesabu haifanywi na simu yake. Ombi husafiri hadi kwenye kompyuta iliyo mbali, kisha jibu hurudi. Leo tunamkumbuka Mmarekani aliyeonyesha mbele za watu, kwa mara ya kwanza, kuwa hilo linawezekana.

George Stibitz alizaliwa mwaka 1904 huko York, Pennsylvania. Mwaka 1937, akiwa mwanahisabati wa maabara za Bell, aliunda kifaa cha kujumlisha juu ya meza ya jikoni kwake, akitumia swichi za mitambo ya simu. Kazi hiyo ilizaa mashine kubwa zaidi, iliyowekwa New York.

Septemba 11, 1940, wanahisabati walikutana Hanover, mbali na New York kuliko Masasi ilivyo mbali na Mtwara mjini. Mashine haikusafirishwa. Hesabu zilipigwa chapa Hanover, zikapita kwenye waya wa simu, na majibu yakarudi yamechapwa.

Stibitz alifariki mwaka 1995. Sasa wanunuzi wa korosho zetu hutuma bei mnadani kwa mtandao, wakiwa mbali na ghala. Fedha za mkulima hutegemea ombi kufika salama na jibu kurudi sahihi.